Bibi Harusi wa Silinda Nane: Chupa Nzima

Wiki jana tulimwacha Josias ameinama juu ya injini, kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki mkononi, pua yake inchi moja kutoka kikoponi, na dakika hamsini tu zimebaki mbio zianze. Kilichompanda puani, ndugu wasomaji, hakikuwa harufu ya mafuta ya breki.

Ilikuwa harufu ya kanisa.

Mafuta ya zeituni yenye marashi ya waridi. Josias asingeweza kuikosea harufu hiyo hata usingizini, kwa sababu yeye ni shemasi, na kila Jumapili ndiye anayeishika chupa ya upako. Isipokuwa Jumapili iliyopita. Jumapili iliyopita aliishika Mama Agathe, kiongozi wa waombaji.

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa samaki kabla hajalisoma, mambo yako hivi.

Josias ni fundi kutoka Bukavu. Gereji anayofanyia kazi iko uchochoroni, nyuma ya Umbilo Road, na kila Jumapili gereji hiyo hugeuka kanisa: viti vya plastiki hupangwa kati ya magari, kinanda huwekwa juu ya meza ya spana. Gari lililochukua nafasi ya kwaya miezi minane sasa ni Valiant la mwaka 1972, silinda nane, mali ya Amne wa Chatsworth, mjane wa miaka hamsini na nne anayepika biriani za harusi. Marehemu mumewe alilinunua, akaliegesha uani, likawa nyumba ya kuku kwa miaka kumi na tisa. Siku arobaini ya marehemu ilipopita, Amne aliwafukuza kuku na kuapa kwamba gari hilo litakimbia mbio moja mpaka mwisho, na yeye mwenyewe kwenye usukani.

Mbio moja tu. Hakuomba makubwa.

Gharama zake Amne hazihesabu kwa rand, anazihesabu kwa sufuria. Kabureta, harusi moja. Pistoni nane, harusi tatu. Gia boksi, harusi mbili na hitima ya marehemu mwenye ndugu wengi. Na baada ya sufuria zote hizo, Valiant lilikuwa limeingia mbio nne na halijamaliza hata moja. Mara ya kwanza lilichemka. Mara ya pili lilivunja ekseli kabla taa haijabadilika. Mara ya tatu lilizima bila kutoa sababu, likawaka lenyewe juu ya gari la kukokota, njiani kurudi Umbilo. Ya nne hatutaieleza, kwa heshima ya Amne. Ndipo watu walipoliita Bibi Harusi: anapambwa siku nzima, na hatoki.

Basi Jumapili iliyopita, Josias, kwa moyo mzuri na akili kidogo, aliwaomba waombaji walipake gari upako. Tone moja, juu ya boneti. Mwenye gari ni Mwislamu na hakuulizwa. Hilo peke yake lilitosha kumnyima Josias usingizi siku tatu.

Sasa aligundua kwamba hizo siku tatu alikuwa anakosa usingizi kwa sababu ndogo.

Alitoa simu.

"Mama Agathe. Ile siku ya upako, mafuta ulitia wapi?"

"Bwana asifiwe, shemasi."

"Amina. Ulitia wapi?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nimefumba macho. Unajua vile nafundishaka: mwenye kusali macho wazi anahesabu tu viatu vya wenzake. Mkono ulienda wenyewe."

"Ulienda wapi, Mama?"

"Kulikuwa na kadomo kamoja kalikuwa wazi. Nilikasikia kwa kidole. Kakanywa, kakanywa, mpaka chupa ikakauka."

"Chupa nzima?"

"Josias, gari lenyewe lilikuwa na shida kiasi gani? Tone lingefanya nini?" Nyuma yake watu walikuwa wanaimba na honi inalia. "Bon, tuko ndani ya taxi, tumetoka Cato Manor, chorale yote, waimbaji kumi na wanne. Wanasema mlango wa mbele wanalipisha, tunapitia wa nyuma. Tutasimama pale mwisho tumpokee Bibi Harusi."

Lakini maneno hayo ya mwisho Josias hakuyasikia vizuri. Alikuwa amekwama kwenye kile kidomo.

Kwa sababu kidomo hicho alikiacha wazi yeye. Jumapili ile asubuhi alikuwa anaongeza mafuta ya breki, jambo ambalo shemasi hapaswi kulifanya siku ya ibada, na waumini wakafika mapema. Aliona haya. Akafuta mikono, akavaa koti, akaanza kugawa vitabu vya nyimbo. Jioni alirudi upesi akakifunga kifuniko bila kutazama ndani, kama mtu anayefunga mlango wa chumba kichafu wageni wakipita.

Raba za breki haziharibiki palepale zinapolishwa mafuta zisiyoyazoea. Zinavimba polepole, kama miguu ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. Zinaweza kushika leo asubuhi, na mchana, na zikaacha kushika dakika ileile unapozihitaji. Kubadilisha zote ni kazi ya siku mbili. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini na tano.

"Mbona uso kama umeona mkaguzi wa vibali?"

Huyo ni Armel, Mrundi, mwenye gereji. Josias alimweleza yote, kwa sauti ya chini. Armel alisikiliza huku akitazama huku na huku, kisha akaingia ndani ya gari, akakanyaga pedali ya breki mara tatu.

"Inashika. Sharp."

"Inashika sasa."

"Sasa ndipo tulipo, Josias. Mbio zenyewe ni mita mia nne. Baada ya hapo njia iko ndefu, hii ilikuwa ya kurukia ndege. Atapunguza kwa gia, atajisimamia mwenyewe."

"Handibreki tuliitoa."

"Tuliitoa kupunguza uzito. Yeye mwenyewe alisema tutoe kila kitu kisichokimbia." Armel alishuka, akafunga mlango taratibu. "Sikiliza, shemasi. Ukimwambia, ataondoa gari, hiyo moja. Ya pili, kesho Chatsworth nzima itajua kwamba kwa Armel gari la Mwislamu linabatizwa bila ya yeye kuulizwa. Wateja wangu nusu wanatoka kule. Na wateja wakiondoka, gereji inafungwa. Na gereji ikifungwa, kanisa lako litasalia wapi, kwenye robot, chini ya taa za barabarani?"

Armel alimpiga bega na kwenda kununua chipsi, kama mtu aliyemaliza mkutano.

Josias alisimama pale akapima. Upande mmoja kanisa, kazi, na jina lake. Upande wa pili mwanamke mmoja wa miaka hamsini na nne. Kwa aibu yake ya milele, alipima kweli, na ilimchukua dakika nzima.

Kisha akaenda kumtafuta Amne.

Alimkuta nyuma ya hema, helmeti kwapani, mtandio mweusi kichwani, anagawa sambusa kwa mafundi wa washindani wake. Kiswahili cha Amne ni kile alichokiacha bibi yake, na mahali kilipotoboka amekiziba kwa Kizulu na Kiingereza.

"Mama Amne, nina neno."

"Na mimi nina neno, fundi. Langu kwanza, mimi mkubwa." Alimshika mkono, akamzungusha mpaka upande wa abiria wa Valiant, akavuta kitambaa kilichokuwa kimefunika mlango.

Mlangoni, kwa herufi za dhahabu kubwa kama sahani, paliandikwa: FUNDI JOSIAS.

"Nilimwambia mchoraji aweke jina la marehemu," Amne alisema. "Nikafika gate, nikarudi. Nikasema, eish, yule alilinunua tu. Aliyekaa nalo usiku na mchana ni huyu. Mume wangu hakuwahi kunidanganya kuhusu gari hili kwa sababu hakuwahi kusema chochote. Lakini wewe, kila kilichoharibika ulikuja ukaniambia kwa mdomo wako: Mama, ekseli imekwenda. Mama, rejeta imekwenda. Mafundi wengine wanaficha. Wewe hufichi."

Josias aliitazama ile dhahabu. Ilikuwa haijakauka vizuri kwenye herufi ya mwisho.

"Neno lako," Amne alisema.

"Kabureta," Josias alijisikia akisema. "Kabureta haijafurahi leo. Mimi naona tuache. Tuje mwezi kesho."

"Kabureta haijafurahi tangu 1972."

"Mama, mimi naomba."

"Fundi. Mwezi kesho sina harusi hata moja. Kilichobaki ni sufuria zenyewe." Akavaa helmeti, akagonga juu yake kwa kidole, kuonyesha kwamba mazungumzo yamefungwa kwa chuma.

Hapo ndipo Josias, mtumishi wa Mungu, alipofanya jambo ambalo hata hadithi hii, iliyokwisha kusimulia mengi ya aibu, inalisimulia ikitazama chini. Hakumwambia. Badala yake alifungua boneti kama anayekagua, akafungua kofia ya distributa, akachomoa rota: kijidude cha plastiki, ukubwa wa kidole gumba, ambacho bila hicho injini haipati cheche na haiwaki hata ukiiimbia. Akakitia mfukoni.

Miezi minane alikuwa ameibembeleza injini ile iwake. Leo alikuwa ameizima kwa vidole viwili. Bibi Harusi angeharibika kwa mara ya tano, watu wangecheka, Amne angekuwa hai, na hakuna ambaye angejua lolote. Josias alijiambia kwamba huo ni wokovu. Kijidude mfukoni kilikuwa na uzito wa tofali.

Mtangazaji akaita majina kwenye spika. Amne akaingia, akajifunga mikanda, akazungusha ufunguo.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Watu waliokuwa uzioni walianza kuimba wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani. Waliuimba kwa Kizulu, na kwa sauti nzuri, jambo lililozidisha ubaya wake. Amne alizungusha ufunguo mara sita. Kisha akaacha. Akavua helmeti, akailaza mapajani, akakaa akitazama mbele kupitia kioo.

Josias aliinama dirishani. Alikuwa amejitayarishia maneno ya pole.

"Usiseme," Amne alimwambia. "Si wewe. Wewe umefanya yote." Alikuwa hatazami mtu. "Kesho naliuza kwa kilo. Nimekuwa mjinga, fundi. Mwanamke mzima kulisha watu wa dunia nzima ili alishe chuma. Watoto waliniambia. Niliwaona wanga."

Alilia kidogo sana, bila sauti, kama mtu anayekata kitunguu. Josias alitia mkono mfukoni. Kijidude kilikuwa kimepata joto la mwili wake. Angekitoa sasa hivi na kusema. Alikishika. Alifungua mdomo.

"Pisha, shemasi."

Ilikuwa Sébastien, Mkongo mwenye saluni tatu na Valiant jekundu, mpinzani wa Amne kwenye mbio hiyohiyo, mtu aliyetumia wiki mbili kutangaza mjini kote kwamba atampita mama mpishi kwa gia ya kinyumenyume. Alikuwa na kisanduku cha vipuri mkononi.

"Sitaki kushinda hivi," Sébastien alisema, akifungua boneti. "Mtu akishinda gari lililolala, atawaambia nini wateja? Tuone." Akafungua kofia ya distributa. Akachungulia tena. "Voilà. Rota haimo."

"Haimo vipi?" Amne aliuliza.

"Haimo, Mama. Imetoka. Hii haitokaki yenyewe." Akamtazama Josias, si kwa kumshuku, kwa kumwonea huruma. "Iko mtu amekufanyia mbaya, fundi. Dunia imeharibika."

Josias akatikisa kichwa kukubali kwamba dunia imeharibika.

Sébastien alikuwa na rota tatu za akiba. Kila anayekimbiza magari ya umri ule anatembea na gari la pili zima ndani ya kisanduku, kwa sababu la kwanza halina uaminifu. Akapachika moja, akafunga, akapiga boneti. Amne akazungusha ufunguo.

Silinda zote nane ziliamka kwa pamoja. Mlio wake ulipita kwenye nyayo za Josias ukapanda mpaka kwenye meno. Wale wa uzioni waliacha kuimba.

Bibi Harusi akaanza kwenda kwenye mstari.

Josias akatembea pembeni yake. Kisha akakimbia. Alipiga kioo cha dirisha, akaita, lakini ndani ya helmeti na juu ya injini ile hata baragumu la mwisho lingeomba radhi na kusubiri. Amne alimwonyesha kidole gumba. Alikuwa anacheka. Katika miezi minane Josias hakuwahi kumwona akicheka na meno yote.

Sébastien alikuwa amefika upande wa kushoto. Mwamuzi aliinua bendera. Ile robot ya kuanzia ikawaka nyekundu.

Mtu mwingine angesimama mbele ya gari. Josias alifikiria hilo pia, baadaye, mara nyingi. Lakini miguu ilikuwa imechoka kumsubiri aamue, ikampeleka mlangoni. Alifungua mlango wenye jina lake. Dhahabu mbichi ikamganda kiganjani. Akaingia, akakaa sakafuni mahali kiti cha abiria kilipokuwa kabla hakijatolewa kupunguza uzito, akashika bomba la chuma kwa mikono miwili.

Amne aligeuka. "Unafanya nini humu? Wewe ni kilo themanini!"

"Mama, breki."

"Nini?"

Robot ikawaka kijani.

Josias hajawahi kupigwa teke na punda, lakini sasa anaweza kukueleza lilivyo. Alibandikwa kwenye bati la nyuma. Uzio ukawa mstari, watu wakawa rangi. Gia ya pili, gia ya tatu. Alimwona Sébastien upande wa kushoto, kisha akamwona nusu, kisha akawa hayupo. Josias alipiga kelele yote aliyokuwa nayo. Alikiri lile la Mwislamu na upako, alikiri kidomo, alikiri Jumapili, alikiri rota, akaitoa mfukoni na kuionyesha juu. Hakuna hata neno moja lililofika. Alikuwa anaungama kwenye masikio ya injini.

Mstari wa mwisho ukapita chini yao kama mkunjo kwenye zulia.

Amne akainua mguu. Mlio ukashuka. Ghafla mle ndani mkawa na nafasi ya sauti ya mtu.

"Nimemaliza," alisema polepole. Kisha tena, "Fundi, nimemaliza. Umeona?"

"Nimeona, Mama." Josias alikuwa analia. "Usikanyage breki. Iko na mafuta ya kanisa. Mimi ndiye niliyeiacha wazi. Nilijua kabla hatujaanza. Rota nilichomoa mimi. Nilikudanganya."

Amne alitazama kijidude kilichokuwa mkononi mwake. Alimtazama usoni. Halikuwa tusi alilotegemea, wala kofi. Alikuwa anamtazama jinsi mtu anavyosoma upya barua aliyoipenda.

Kisha akakanyaga breki.

Pedali ilikwenda mpaka sakafuni na kukaa hukohuko, bila ubishi.

Akakanyaga tena. Tena. Josias alinyoosha mkono kwenye handibreki, akashika tundu lililoachwa na handibreki. Amne akashusha gia kwa nguvu, na chini ya sakafu kitu kikapasuka kwa mlio mmoja mkubwa: harusi mbili na hitima, zote kwa mpigo. Kijiti cha gia kikabaki kinacheza mkononi mwake kama mwiko ndani ya sufuria tupu.

Gari ambalo miezi minane lilisimama kila mahali, kwa kila sababu, leo lilikuwa limesahau namna ya kusimama.

"Fundi," Amne alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Wale waliovaa nyeupe pale mbele, katikati ya njia. Ni akina nani?"

Josias alijiinua akachungulia juu ya dashibodi. Kwenye mwisho wa njia, karibu na mlango wa nyuma ambako hawalipishi, watu kumi na wanne walikuwa wamejipanga mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati yao, na chupa mpya mkononi, alisimama Mama Agathe.

"Kwaya yangu," alisema.

Amne alikandamiza honi. Honi, ndugu wasomaji, ilitolewa Jumanne, kwa ajili ya uzito.

Wote kumi na wanne walikuwa wameinua mikono kumpokea Bibi Harusi. Na wote, kama Mama Agathe alivyowafundisha, walikuwa wamefumba macho.